Sifuri Kwenye Kisanduku cha Majeruhi

Jumanne, 3 Oktoba

Kikao cha bodi ya pensheni ya wazima moto. Polisi hukaa na bodi yao ya pensheni chumba kilekile, kabla yetu, na kama kawaida wametuachia boksi tupu la donati na makombo meza nzima. Sajini wao ananiambia eti harufu wametuachia. Nikamwambia siku nyumba yako ikiwaka tutakuletea harufu ya maji. Tukacheka. Kicheko cha leo kiliishia hapohapo.

Ajenda ya kwanza, uwekezaji. Dakika nne! Zamani tulibishana mpaka koo linakauka, hisa hizi, dhamana zile, mshauri na michoro yake ukutani. Tangu jimbo lizoe fedha za miji yote na kuzitia mfuko mmoja, sisi tunasomewa barua, tunasema imepokelewa, basi. Bodi ya mji imebakiwa na kazi moja, nayo ndiyo chafu kuliko zote: kuamua nani ameumia kweli na nani anadanganya. Watu watano. Wawili tumechaguliwa na wazima moto walio kazini, mimi na yule wa Kituo cha Kwanza. Mmoja kachaguliwa na wastaafu, mzee Voss, kapteni wangu wa kwanza. Wawili kawaleta meya: Amundsen, muuza magodoro, na Paulette Reiss, aliyekuwa nesi wa shule. Kura tatu zinapitisha. Mkilingana, imekataliwa.

Leo lilikuja faili la Odell. Odell Pruitt wangu! Miaka kumi na minne mtu wa kwanza kwenye mpira wa maji, mimi nyuma yake. Madaktari watatu wamempima kama sheria inavyotaka, na wote watatu wanasema shingo imekwisha, hatavaa tena mtungi wa hewa. Kwa hiyo kuumwa hakuna ubishi. Ubishi ni kaumia wapi. Ikiwa ni motoni, anapata pensheni ya aliyeumia kazini na mji unabeba bima ya afya ya familia yake yote. Ikiwa ni kwingine, anapewa ile pensheni ndogo na bima akajitafutie. Binti yake Jolie ana miaka kumi na mmoja na anaishi kwa insulini. Kila siku ya Mungu.

Wakili wa bodi akafungua ripoti ya moto wa Mtaa wa Fulmer, 11 Machi mwaka jana. Akasoma: wazima moto walioumia, sifuri. Amundsen akagonga meza kwa kalamu. Akasema mbona liko wazi, mtu kateleza bafuni kwake anakuja kutubambikia sisi. Bafuni! Huyu ambaye hajaunguza hata mkate!

Jina la aliyeandika ile sifuri liko ukurasa wa pili, chini kabisa. Hakuna aliyefunua.

Ni langu.

Kesi itasikilizwa tarehe 24.

Jumatano, 4 Oktoba

Niandike mara moja nimalize, maana kichwani linanizunguka tangu jana.

Ngazi ya nyuma ya nyumba ile ilikuwa mbao zilizooza. Odell mbele na mpira, mimi, halafu Kilbride, halafu Tuckett. Ngazi ikakatika chini ya Odell. Akashuka na mtungi mgongoni akatua kwa shingo kwenye ukingo wa saruji. Nilisikia. Akalala kidogo, akainuka, akashika kichwa, akasema niko sawa, twendeni. Tukaenda. Tukauzima.

Halafu kituoni. Jikoni kwetu kuna ubao. Mkuu wa kikosi aliuleta mwenyewe, SIKU BILA JERAHA, na namba inabadilishwa kila asubuhi kwa chaki. Ukifika mwaka mzima, mji unapunguziwa malipo na kampuni ya bima, na Mkuu anatununulia steki zamu zote tatu. Siku ile ubao ulisoma 351. Wiki mbili tu!

Odell kakaa mezani na mfuko wa njegere za barafu shingoni. Nami nimefungua kompyuta niandike. Akaniambia Bernie, usiniandike bwana, unataka zamu tatu zininunie kwa shingo iliyoteguka? Kilbride akasema zamu A watatuchinja. Tuckett akabinua mdomo kama anayelamba mchuzi. Wote tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, luteni, mwenye cheo. Nikaandika sifuri.

Tarehe 25 tukala. Aliyechoma nyama ni Odell, kichwa kainamisha upande mmoja, nasi tunamwita jogoo. Jogoo, geuza hicho kipande! Miezi mitano baadaye mkono wake wa kulia ukafa ganzi juu ya ngazi, na ndiyo ukawa mwisho wake.

Na ubao haujafutwa. Utafutwaje, si hakuna aliyeumia? Mwaka huu Machi tumekula tena, Odell yuko hospitali wanamtia vyuma shingoni. Nami nilikula. Nikaongeza viazi.

Nimejichukia leo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Zamu. Ubao: 926.

Baada ya chai niliwaambia Kilbride na Tuckett jikoni. Nikasema tarehe 24 nitatoka mezani nikae kiti cha shahidi niseme ukweli. Tuckett akasimama papo hapo akanikumbatia, eti Luteni mimi niko na wewe mpaka mwisho, Odell ni kaka yangu, atakayekugusa atanikuta mimi. Nilikaribia kulia, mjinga mimi.

Kilbride hakuacha kukwangua sufuria. Akaniuliza umerogwa, mwanamke wewe? Nikamwambia Odell ananyimwa. Akasema Odell aliomba mwenyewe, mtu mzima, meno thelathini na mbili. Nikamwambia na mtoto wake aliomba? Hapo akatupa sufuria kwenye sinki, maji yakaruka mpaka dirishani. "Miezi minane, Bernie! Miezi minane nafikisha hamsini nachukua changu naondoka. Ukifungua mdomo watauliza nani mwingine alikuwepo. Umelifikiria hilo, au unafikiria moyo wako tu, ukalale vizuri?"

Nilimtukana. Akanirudishia tusi, la kwangu lilikuwa zuri zaidi.

Kituo hiki hakina siri hata ya soksi. Kabla ya chakula cha mchana Mkuu ameshanipigia simu niende kwake. Akafunga mlango taratibu. Akazungumza kwa upole, na akiwa mpole ndipo ninapomchukia zaidi. Anasema afisa akikiri kwamba aliandika ripoti ya uongo, yeye hana budi kumsimamisha. Anasema mwendesha mashtaka akiamka vibaya anaweza kuifanya jinai, na mwenye jinai ya kazini jimbo humnyang'anya pensheni yote. "Miaka ishirini na mbili, Bernie. Fikiri."

Nikamwuliza, na ubao wako?

Akasema ubao haukuandika ripoti.

Anasema kweli, shenzi yule. Ndiyo maana nimetoka nikabamiza mlango.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimetoka zamu nikapitia kwa Odell. Nilikwenda kumwambia. Sikumwambia. Yaani — yeye anajua, yeye ndiye aliyekuwa na njegere shingoni. Wa kuambiwa ni mkewe.

Corliss amenipikia mayai na mahindi ya kusaga kwa siagi, nilivyozoea. Odell amesimama kaegemea friji, kukaa kunamuuma. Ana ile kola ngumu. Jolie kaja na kipimo chake cha sukari, kajitoboa kidole mezani kwetu huku anatafuna, kaangalia namba, kaondoka. Kama mtoto mwingine anavyofunga kamba za viatu.

Corliss kapata nakala ya kurasa kutoka kwa wakili wao, ukurasa wa kwanza tu. Anaupunga hewani. Anasema nikimpata huyo mpumbavu aliyeandika sifuri nitamtia hii karatasi mdomoni aitafune. "Mtu anamwona mwenzake anaanguka ghorofa nzima, anaandika hakuna aliyeumia! Ana macho huyo? Ana mama?" Halafu akanishika mkono juu ya meza. "Lakini wewe uko kule ndani, Bernie. Wewe ni kura yetu. Nikikumbuka hilo napata usingizi."

Nikatazama mayai. Odell akatazama dirisha.

Alinisindikiza mpaka garini, polepole. Akasema usithubutu. Piga kura yako kimya, tupate tatu, iishe. Nikamwambia Voss hajulikani anaegemea wapi. Akasema Voss ni wetu. Nikamwambia kwa nini hujamwambia mkeo! Akasema, "Kwa sababu atauliza kwa nini, halafu nitamjibu nini? Steki?"

Nilipiga usukani mpaka kiganja kikavimba. Sasa hivi kalamu inaniuma.

Alhamisi, 12 Oktoba

Chakula cha mchana na mzee Voss kwenye mgahawa wa barabara ya reli. Yeye supu, mimi mkate wa nyama, nikaushika tu sikuula.

Sheria yetu ina kituko: wajumbe wawili wa bodi wakila pamoja ni chakula, wakiwa watatu ni mkutano, na mkutano usiotangazwa ni kosa. Sasa tumekaa, mlango ukafunguliwa, nani? Paulette Reiss! Akatuona. Akasimama kama aliyekanyaga maji. Akatupungia mkono kwa mbali, akaenda kukaa peke yake kaunta, mgongo kwetu, mhudumu anamshangaa. Meza yetu haikuwa na chumvi, chumvi iko kaunta mbele yake. Hakuna aliyethubutu kumwomba.

Voss akaongea chini. "Nilifunua ukurasa wa pili kabla ya kikao, Bernie."

Nikamwuliza kwa nini ulinyamaza. Akasema nilikuwa nakusubiri wewe.

Nikamsihi. Nikamwambia mimi nikinyamaza nina kura yangu, yule wa Kituo cha Kwanza ana yake, wewe ukitia ya tatu tumemaliza. Akatikisa kichwa. Hapigi kura dhidi ya karatasi. Anasema mfuko ule si wangu wala wake wala wa Odell, kuna wajane sitini ndani wanaula kila mwezi, na siku bodi ikianza kuwapa marafiki bila karatasi, siku hiyo meya ana haki ya kutufukuza wote. "Niletee ukweli uliosemwa kwa kiapo, nitaupigia kura. Ukinikonyeza tu, sikupi."

Nikamwambia, nikasahau na kushusha sauti, wewe ndiye uliyenifundisha! Mwaka wangu wa kwanza, nimevunjika kidole, uliniambia asiyetolewa na machela hajaumia. Wewe ndiye uliyenionyesha kisanduku kile cha majeruhi kwenye fomu na kunielekeza kinavyojazwa!

Akaweka kijiko. Akasema, "Najua." Akarudia, "Najua, mwanangu." Mzee mwenye miaka sabini na sita, kidevu kinacheza. Sikumwonea huruma hata kidogo. Jioni hii ndiyo namwonea, kidogo.

Hesabu ndiyo hii. Nikinyamaza: mimi na Kituo cha Kwanza, wawili, Voss anatuacha, Odell amekwisha. Nikisema: siwezi kuwa shahidi na mwamuzi, natoka mezani. Wanabaki wanne. Voss na Kituo cha Kwanza upande wetu, Amundsen upande wake. Kila kitu kinamwangukia Paulette, aliyekula chakula chake hatua tano kutoka kwetu na hatukuruhusiwa hata kumsalimia.

Jumatatu, 16 Oktoba

Ubao ulisoma 935. Sasa hausomi kitu.

Tuckett ndiye aliyefika na chaki asubuhi, anapiga mluzi. Akafuta nne akaandika tano. Sijui kilichonishika. Nilikwenda kwenye gari, nikachukua chuma cha kuvunjia milango, nikarudi jikoni nikauchomoa ukutani na skrubu zake zote. Vumbi la plasta kwenye uji wa watu. Nikaukanyaga katikati ukavunjika. Haukuvunjika vizuri, ubao mzuri ule, ilibidi niurukie mara tatu, mwanamke wa miaka arobaini na tisa! Kilbride akachukua ufagio akaanza kufagia, uso mkavu, hakunitazama.

Mkuu kaleta barua ya onyo kabla ya saa sita mchana. Kuharibu mali ya mji. Nimeisaini kwa furaha. Ripoti ya kweli ya kwanza kusainiwa kituoni humu!

Tuckett kanifuata stoo. Anasema nilikuwa shujaa. Anasema siku ya tarehe 24 atavaa sare ya sherehe. Kilbride hajanena nami tangu siku ya sufuria.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimemwona wakili wangu, wa kulipa mwenyewe. Ananishauri nisiseme. Nikamwambia nitasema. Akashauri tena nisiseme, kwa sauti ileile, kama anaisoma.

Nilimwuliza mtu anapoteza pensheni yote kweli, hata aliyoitumikia? Akasema ikifika huko, ndiyo, yote, unarudishiwa michango yako tu. Halafu akaniuliza nina miaka mingapi. Kana kwamba sijui!

Nimerudi nyumbani nikafua mazulia. Sijafua mazulia tangu Pasaka.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimemwambia Corliss.

Nilimkuta anapanga nguo zilizofuliwa sebuleni. Odell aliponiona uso alijua, akasema Bernie, acha. Nikasema Corliss, sifuri niliandika mimi.

Alidhani natania. Alicheka kidogo. Halafu akaweka chini taulo.

"Wewe ulikuwa nyuma yake."

Nikasema ndiyo.

"Ulimwona."

Nikasema nilimwona na nilisikia.

"Kwa nini?"

Nikamweleza ubao. Nikaeleza siku 351. Nikasikia sauti yangu inavyoeleza, na kila neno lilikuwa linapungua akili. Aliponiuliza zawadi ilikuwa nini, aliyejibu ni Odell, kutoka mlangoni. Akasema, "Nyama, mpenzi. Steki. Na mimi ndiye niliyemwomba asiandike."

Corliss akasema, "Nyama."

Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akasema miezi kumi na minne nawaamini madaktari, namwamini wakili, nalala na faili kitandani, nawaza ni nani huyu shetani aliyetufanyia hivi. Kumbe shetani anakuja Jumapili anakula mayai yangu. "Mlikaa wote wawili kwenye meza yangu, mkaniacha nikushike mkono! Ulijisikiaje mkono wako, Bernie? Niambie. Ulijisikiaje?"

Nikaanza kusema kesho nitaeleza yote kwa kiapo. Akasema kesho ni kesho, leo toka. Akaniita Luteni. Miaka kumi na minne hajawahi kuniita hivyo.

Odell alitaka kunifuata, Corliss akamwambia na wewe kaa hapo, tuna maneno. Hawezi kukaa, nikasikia akimwambia basi simama!

Sina haki ya kukasirika na Corliss. Nimekasirika na kila mtu mwingine. Nimemkasirikia Mkuu aliyetuwekea nyama ukutani kama mbwa. Nimemkasirikia Voss na vidole vyake vyote vilivyovunjika ambavyo hakuandika. Nimemkasirikia meya anayetaka mfuko uonekane una afya, wenye mfuko wafe taratibu. Na mimi. Mimi kwanza. Tunaingia kwenye moto kumtoa mtu tusiyemjua, tunaona aibu kuandika neno moja kwa ajili ya tunayemjua!

Jumanne, 24 Oktoba

Naandika nyuma ya karatasi ya ajenda, kwenye benchi la korido, nitabandika baadaye. Wametoa mapumziko dakika kumi. Nikikaa bila kufanya kitu nitampiga mtu.

Imekwendaje. Mwenyekiti ni Voss. Alipoita faili la Odell, nikasimama nikasema natoka mezani kwa sababu mimi ni shahidi. Wakili wa bodi akageuka kama kaguswa na umeme. Akaniambia nina haki ya kunyamaza. Nikamwambia nimenyamaza mwaka na miezi saba, inatosha. Nikazunguka meza nikakaa kiti cha upande wa pili. Mwandishi mwenye mashine yake akaniapisha.

Nikasema yote. Ngazi, ukingo wa saruji, njegere, ubao, sifuri. Ukurasa wa pili wakaufunua hatimaye.

Amundsen akaegemea kiti. Akasema sasa tukuelewe vipi, Luteni, ulidanganya wakati ule au unadanganya leo kumsaidia rafiki yako?

Nilikuwa nimejiahidi sitapandisha sauti. Nikapandisha. "Wakati ule! Na wewe ulikuja kuula uongo wangu. Machi ya mwaka jana ulikaa meza yetu na meya, picha iko kwenye gazeti, ulikula vipande viwili ukaomba na mchuzi. Aliyekuchomea alikuwa Odell, huyu hapa, kichwa kimeinama upande. Ulimwuliza mbona shingo imepinda. Unakumbuka alivyokujibu? Alikuambia amelalia vibaya, na ukamshauri anunue godoro kwako!"

Watu wakacheka nyuma. Amundsen akawa mwekundu mpaka masikioni. Voss akagonga meza. Sijui kama nimesaidia au nimeharibu. Nadhani nimeharibu.

Halafu Paulette. Akavua miwani. Akaniuliza alipoinuka pale chini, alishikaje kichwa? Nionyeshe. Nikamwonyesha: mikono miwili, chini ya taya, kama mtu anayenyanyua chungu kilichojaa asimwage. Akaniuliza mkono upi uliokufa ganzi, nikasema wa kulia, akaandika. Akasema ameona watoto wengi wakianguka uwanjani na anajua mtu anavyoshika shingo iliyovunjika.

Lakini akaendelea. Akasema Luteni, mimi nakuamini, ila nimeapa kama hawa wengine. Nina karatasi moja yenye jina lako inasema hapana, na mdomo mmoja, wako, unasema ndiyo. Siwezi kupiga kura kwa mtu mmoja aliyesema yote mawili. Nani mwingine aliona?

Nikatazama nyuma. Mstari wa mwisho, Tuckett na Kilbride, sare za sherehe, kofia magotini. Tuckett anatazama viatu. Kilbride ananitazama mimi, macho hayapepesi. Mwandishi kasubiri, vidole juu ya mashine. Nikamgeukia mwandishi, nikageuka tena nyuma. Kutaja majina mawili! Mmoja miezi minane, mwingine ana watoto wadogo na nyumba ya mkopo. Nikiyataja, Mkuu ana watu watatu wa kusimamisha badala ya mmoja. Nisipoyataja, Paulette anasema hapana na mtoto wa Odell anabaki bila bima. Voss aliona. Akasema mapumziko, dakika kumi.

Sasa ndiyo hizo dakika kumi. Zimebaki kama tatu.

Odell amesimama kwenye ukuta na kola yake. Corliss kakaa benchi la mbele yangu, mkoba magotini, hajasema nami neno tangu jana na leo pia hasemi. Nilipoonyesha Odell alivyoshika kichwa nilimwona anafunga macho.

Tuckett alisema anakwenda msalani. Dirisha la korido linaangalia maegesho. Gari lake jekundu limetoka sasa hivi, limepinda kushoto, hata taa ya kupindia hakuwasha. Mpaka mwisho, aliniambia. Nimeshindwa hata kukasirika. Hapana, uongo, nimekasirika, herufi hizi zinatoboa karatasi.

Kilbride yuko kwenye bomba la maji ya kunywa. Anakunywa, anaacha, anakunywa tena. Anakuja. Sitaki matusi sasa, sina pa kuyaweka.

Amesimama mbele yangu. Nimemwambia nisamehe, Kilbride, sijui nitafanyaje. Akasema nyamaza, Bernie, umesema vya kutosha leo. Akatazama upande wa Odell, akamtazama na Corliss, akanyoosha koti lake. Akasema, "Wakiuliza, anza na mimi."

Corliss amenyanyua kichwa.

Karani ametoa uso mlangoni. Luteni, wako tayari. Kilbride ameshatangulia kuingia, nami naingia kuanza na jina lake.